Inakuja

Ubao ule sasa ni dari.
Upande wenye rangi unatazama chini,
juu ya kitanda cha mama, Ng'ambo, Tabora,
na mvua ikipenya bati
hulowesha kwanza mguu wa dude la chuma.

JIJI LISILO MAJINA, herufi zimeinamia mbele
kama watu wanaokimbilia behewa.
Chini yake: MWAKA 2003.
Chini zaidi, kwa nyekundu
aliyoiomba baba karakana ya reli:
INAKUJA.

Baba hakuwahi kuiona hiyo picha.
Valji mwenye ukumbi alimpa kipande cha gazeti
kisichozidi kiganja, cheusi na cheupe,
akamwambia: Lugusha, nikuzie hii
ienee ubao wa futi nane.
Baba akakuza. Na pale wino ulipofifia
akaweka ya kwake.
Anga akalipaka kijani, masalia ya kazi ya ofisi ya chama.
Watu wa mwaka 2003 akawavalisha katambuga,
kila mmoja na namba kwenye paji la uso,
na kwa kuwa hakujua namba zipi zinatisha
akaandika za mabehewa, zile alizozikumbuka.

Mwanamke anayekimbia mbele ya wote,
mdomo wazi, mkono ameunyoosha kwetu,
huyo ni mama.
Mama anakana.
"Mimi sijakimbia hivyo maisha yangu yote,
na shingo hiyo ni ya twiga."

Wiki nzima Msimbe alizunguka na baiskeli,
kipaza sauti cha bati mdomoni, Isevya hadi Cheyo:

    Njooni muone dude, la chuma lisilo damu,
    Lameza kila kipande, tena bado lina hamu,
    Shilingi mbili uende, ukikosa jilaumu!

Jumamosi ukumbi ulifurika.
Treni haikufika.
Maji yaling'oa reli huko Gulwe,
na makopo ya filamu yalilala Kilosa,
au yalirudi Dar, au yalisombwa.
Valji akarudisha fedha, senti kwa senti,
na baba akalipwa ubao.

Lakini watu hawakwenda nyumbani.
Walikaa ngazini, wakaanza kuisimulia.
Kasele, mpima tumbaku, alisema dude litakwama
siku watakapokosa grisi, tena mwezi wa tatu.
Mwalimu Nyanzobe alisema hapana: namba zitaisha,
na mtoto atakayezaliwa baada ya namba ya mwisho
itabidi apewe jina.
Wakanyamaza kidogo hapo.
Hadi leo wapo wanaoapa kuwa waliiona,
na kiti walichokalia wanakuonyesha.

Mwaka 2003 ulifika kwa miguu yake.
Baba alinunua nusu kilo ya nyama,
akalala chali chini ya ubao, akangoja saa sita ya usiku.
"Hata king'ora," akasema, akajifunika shuka.

Mwezi uliopita nilimpeleka mama
kusajili laini ya simu.
Kijana akambonyeza kidole kwenye kioo, cha kwanza,
cha pili, akakipangusa, akarudia.
Jembe na majani ya tumbaku vilishafuta mistari yote.
"Mama, mashine haikuoni."
"Basi na mimi sijaiona," akamjibu,
akacheka njia nzima mpaka Kanyenye,
akisimama kushika kiuno.

Usiku akaniita. Taa ilikuwa imekatika,
tulikuwa na tochi ya simu ile ile iliyomkataa.
Akamulika dari: lile paji, zile namba,
mkono ule wa mwanamke asiye yeye.
"Hivi baba yako alisema ni nini inayokuja?"

Nikataka kumwambia, picha.
Lakini kwa ngeli hiyo inaweza kuwa treni.
Inaweza kuwa njaa, au fedha ya tumbaku ya mwaka juzi,
au siku ile Nyanzobe aliyoisema.
Nilikuwa bado natafuta
tone la kwanza lilipogonga ubao, pale pale, mguuni.

Nikainuka kusogeza beseni.