Kihisio cha Thelathini na Tatu

Vihisio vyetu ni thelathini na viwili.
Nimevifunga kwa mkono wangu: darini,
kwenye shimo la lifti, nyuma ya mabomba,
na kila kimoja huninong'oneza kwa waya
huku chini, chumba cha pampu:
sentimita nne. Sentimita saba. Rudi.

Watu wa Busan hudhani ghorofa husimama tu.
Husimama kama mtu aliyejitwika ndoo:
shingo imetulia,
kiuno ndicho kinachofanya kazi.

Usiku wa kimbunga, saa nane na dakika arobaini,
umeme ulikatika, betri nazo zikazimia,
grafu yangu ikanyooka
kama ya maiti.
Saa nzima jengo lilicheza bila shahidi.

Ndivyo nilivyodhani.
Asubuhi Bi Tak Pun-nam wa ghorofa ya sitini na nane
alinimiminia chai ya shayiri, akanisogezea daftari la shule.
Mwaka wa kumi na moja sasa
huweka beseni la shaba katikati ya sebule,
hulijaza maji hadi alama ya tatu,
akaketi.
"Yamepiga ukingo wa baharini mara tisa.
Yamemwagika upande wa mlima. Nimepangusa."
Tarehe, saa. Mwandiko wa penseli, mdogo kama chembe za mchele.

Nililiazima. Nikailaza mistari yake
juu ya mistari yangu ya tufani za nyuma:
chanda na pete.
Hata lile alilolijua bila kufundishwa lilikuwamo,
kwamba upepo hausukumi jengo kifuani tu;
hulizunguka, huvuta kushoto, huvuta kulia,
mpaka lishike mdundo wake,
na pembe kali ndizo zinazoukaribisha.

Ukurasa mmoja tu ulinishinda.
Tarehe tisa Machi. Kituo cha hewa: shwari.
Daftari: "Yametikisika muda mrefu."
Nikamuuliza.
"Siku ile tulimzika Gyu-bok," akasema.
"Beseni nilikuwa nimelishika."

Mnara mpya, ng'ambo ya daraja, tumeunyoa pembe.
Mhandisi Ban aliuliza takwimu za saa ile ya giza
zimetoka wapi.
Kihisio cha thelathini na tatu, nikaandika.
Hakuuliza zaidi.

Ile ya Machi sikuiingiza kwenye hesabu.
Wala sikuifuta.
Ipo pembeni, kwa penseli,
na kila nikifungua faili
mkono wangu huutuliza kwanza.