Hodi, Wenye Kichuguu

Hodi, mchwa wa Ngora.
Sikuja na jembe, sikuja na petroli,
wala beseni la kukingia kumbikumbi.
Nimekuja na kipimajoto nilichoazima kwa daktari wa mifugo,
uzi wa mita sita,
na aibu ya mwaka jana.

Mwaka jana niliwaiga vibaya.
Nilijenga ghala lenye umbo lenu,
kilele kimepinda, udongo mwekundu uleule.
Watu wakaja kupiga picha.
Kisha karanga za mama Ikiror zikaota ukungu,
magunia kumi na moja.
Tulizichoma nyuma ya shule,
na moshi wake, Mungu anisamehe, ulinukia chakula.
Haba na haba ilikwisha kujaza kibaba;
ukungu haukusoma methali.

Nilichukua sura, nikaacha pumzi.

Sasa nafika kabla ya jogoo,
nalala kifudifudi, sikio kwenye kishimo.
Siulizi tena mnafananaje.
Nauliza: joto likizidi, mnafanya nini?
Nani huziba? Nani hufungua? Nani humwambia?
Saa kumi na moja alfajiri: nje kumi na tisa,
ndani ishirini na tisa.
Saa nane mchana: nje thelathini na tatu,
ndani (nilipangusa kioo, nikasoma upya)
thelathini.

Okwalinga, fundi wangu, anacheka mpaka mwiko unamtoka:
"Umesoma Kampala miaka minne
uje kuwa mwanafunzi wa wadudu?"
Ndiyo. Na ada nalipa kwa damu:
askari wenu ameniuma kidole cha kuandikia.

Ghala jipya si refu.
Udongo tuliukanda na makapi ya ulezi,
tukauchoma, makapi yakaungua
yakaacha vitundu visivyohesabika,
ukuta ukawa ngozi.
Chini kuna mianzi inayovuta upepo wa asubuhi,
juu kuna mdomo unaotema joto.
Lina sura ya chungu kilichoanguka kikaokotwa.
Hakuna aliyekuja kupiga picha.

Ndani nimeweka debe moja, la karanga zangu mwenyewe.
La jirani bado sithubutu.
Mvua za Aprili zimepita juu yake.
Kila Jumapili nabangua tatu,
nazinusa, nazigeuza kwenye mwanga.

Leo ya kwanza ilikuwa safi.
Ya pili safi.
Ya tatu ilikuwa na doa,
dogo, kama ncha ya kalamu.

Hodi tena.