Kosa Liko Sikioni

Katuba, saa nne usiku. Umeme umerudi,
tuna saa mbili kabla haujatuaga tena.
Kipokezi kimelala chali mezani, kifuniko wazi,
kama mtu aliyeachama mbele ya daktari wa meno.

Papa Kalenga amelaumu kila kilicho nje:
mnara, vumbi jekundu la mwezi wa nane,
kile kilima cheusi cha masazo ya shaba
ambacho, anaapa, hunywa mawimbi,
na jirani mwenye mashine ya kuchomelea.
Namwacha alaumu. Hata mimi nililaumu hivyo, wiki nzima.

Mpaka nilipoona kwenye kompyuta:
wimbi la saba mkono wa kuume linazungumza,
na la saba mkono wa kushoto, ambalo hakuna aliyelituma,
linajibu kwa sauti ya chini, kinyumenyume.
Mnara haukosei hivyo.
Hivyo hukosea sikio.

Mle ndani mna ndugu wawili.
Tumewaita Mbuyi na Kabanga, kama mapacha wa kwetu.
Kila wimbi liingialo hupimwa na wote wawili,
mmoja amesimama wima, mwenzake amelala pembe mraba kwake,
na wakilingana, wakilingana kabisa, hakuna kinachopotea.
Lakini Mbuyi huyu alitoka kiwandani mzito kidogo,
na Kabanga ameegemea digrii tatu,
kama mwimo wa mlango baada ya masika.
Digrii tatu tu!
Hizo ndizo zinazozaa mzimu.

Mimi haya sikuyajulia kwenye vitabu.
Naitwa Mujinga.
Nilizaliwa kitovu kimenizunguka shingo,
na kwa Tshiluba cha mama mtoto wa hivyo ana jina lake,
jina la kupewa kwa shangwe.
Nikaenda Mbeya kwa mafunzo. Mwalimu akasoma orodha,
akafika kwangu, akanyamaza, akatazama juu.
Darasa zima likacheka.

Jina lilitoka salama kinywani mwa mama.
Lilivuka Kasumbalesa, likavuka Tunduma,
siku nne ndani ya basi, bila mkwaruzo.
Liliharibikia hatua ya mwisho, ndani ya masikio yao.

Siku ya tatu msichana mmoja, Tumpale, akavuta kiti.
"Sema maneno ninayoyajua," akaniambia,
"nisikie unavyoyatamka wewe."
Nikasema: chumvi. Nikasema: jana. Nikasema: shaba.
Akatikisa kichwa, akapima, akaomba tena.
Jioni aliniita jina langu, akalipandisha pale linapopanda.

Na chuma hiki tunakifanyia vivyo hivyo.
Mnara huanza na maneno ambayo pande zote zinayajua,
maneno yasiyo na habari, chumvi, jana, shaba.
Tunalinganisha yaliyotumwa na yaliyosikika.
Tofauti yao ni namba nne ndani ya mraba,
mraba huo tunaupindua,
na kila neno lijalo linapitia humo.
Hatuchomoi kitu. Mbuyi anabaki na uzito wake,
Kabanga anabaki ameegemea.
Tofauti ni kwamba sasa tunajua ni kiasi gani.

"Njo vile tu?" anauliza Papa Kalenga.
"Bila kubadirisha hata waya moja?"
"Njo vile, papa."
Anakodoa macho: upande wa kushoto, la saba
linazama, linazama, linafunikwa na kelele.
Halifi. Kesho saa sita fuwele itapata joto,
itakimbia hatua nusu mbele ya mnara,
na tutarudi kwenye chumvi na jana.

Saa tano na dakika hamsini, umeme ukaenda zake.
Gizani Papa Kalenga akaita kwa sauti kubwa,
"Mujinga! Leta toshi!"
Nikasubiri kidogo, kwa mazoea.
Hapakuwa na wa kucheka.