Kigingi cha Mtoto wa Ngamia

Dukani kwa Tumurkhuyag, kati ya makontena,
nyenzo zilikuwa mbili.
Mmoja mfupi, unang'aa kama jino la dhahabu,
kichwa chake kinakunjika, una na mfuko wake wa kitambaa.
Wa pili mrefu, mweusi, umechubuka,
unauzwa kwa kilo kama nyama ya shingo.
Shangazi Dulmaa alisema kwa simu: Nunua mrefu.
Mimi nikapima chini ya kiti cha lori,
na mfupi ukaenea.
Nikaulipia. Nikajiona fundi.

Mwezi wa tatu, kusini mwa Mandalgovi,
upepo una mchanga na mchanga una meno.
Gurudumu la nyuma, upande wa dereva, likakaa chini, pshaa,
chini ya robota arobaini za sufu ya mbuzi.
Nati nane. Kutu ya majira kumi ya baridi
imezifumba kama midomo ya mashahidi.

Nilifanya yote niliyofundishwa.
Nilisugua hesi kwa brashi ya waya,
nikazinywesha mafuta ya taa, nikasubiri,
nikavisha soketi ya pembe sita, si ile ya pembe kumi na mbili
inayoitafuna nati mpaka iwe duara.
Jeki sikuinua: gurudumu likanyage ardhi, lisizunguke.
Kisha nikavuta. Sikusukuma, maana anayesukuma,
nati ikiachia ghafla, huacha ngozi ya vidole kwenye bati.
Nikavuta kuelekea kushoto, kama dunia nzima ifunguavyo.
Nati ikanitazama.

Nikaning'inia. Nikaurukia kwa buti zote mbili.
Kamba hukatikia pabovu: pini ya kile kichwa kinachokunjika
ikasema tak!
nami nikalala chali
nikitazama tai mmoja asiye na haraka.

Moshi ulionekana mbali, nikaufuata.
Mama Norjmaa hakuniuliza jina.
Aliuliza: lori gani, la mwaka gani, gurudumu lipi?
Nikamwomba bomba la jiko lake, nirefushe mpini.
Alicheka mpaka akashika nguzo ya hema.
"Hilo ni bati. Litapinda kama soksi, na usiku tutakula moshi."
Akatoka nje, akamfungua mtoto wa ngamia,
akakitikisa kigingi huku na huku, akaking'oa:
mita moja na nusu ya chuma cheusi.
Miaka kumi na tisa aliendesha lori la ushirika.
Ushirika ulikufa, lori likauzwa, wenzo ukabaki.
Mtoto wa ngamia akatufuata njia nzima
kama mdai.

Alipofika hakugusa soketi. Alipiga magoti,
akafuta ncha ya bolti kwa mate na kidole gumba:
herufi moja, imechongwa, ndogo kama chawa.
"Tangu asubuhi," alisema, "umekuwa ukikaza."
Malori haya, upande wa kushoto, hesi zake ni za kushoto;
waliyoyaunda waliogopa gurudumu lijifungue safarini.

Akauvisha wenzo. Akauelekeza kulia,
mkono wangu wote ukikataa,
akaukalia tu, taratibu, kama mtu
anayesubiri maziwa yachemke.
Hakuna kitu. Hakuna. Kisha nati ikalia,
mlio mkavu, barafu ya mto ikipasuka,
na Norjmaa akashuka inchi mbili bila kubadili uso.
"Moja," alisema. "Saba ni zako."

Ya sita ilikatika. Hiyo siielezi.

Wenzo mrefu haukuenea chini ya kiti.
Tuliulaza juu ya robota, tukaufunga kwa ukambaa.
"Utaurudisha vuli," alisema, "usije nao una kutu."
Usiku Shangazi akapiga. "Na ule wenzo ulionunua?"
"Unafanya kazi," nilisema, wala sikudanganya.
Niliuacha nyuma, umechomekwa ardhini, unang'aa,
na mtoto wa ngamia akiuzunguka, akiuzunguka,
kuelekea kulia,
kamba ikizidi kuwa fupi.