Ncha ya Uzi

Julai, Gongoni. Upepo wa Tabora umekuja na vumbi lake,
na hii ni siku yangu ya pili kitandani.
Mifupa inalia kama mabehewa yanayoungwa usiku
pale stesheni, ya Mpanda yakiachana na ya Kigoma.
Chumba cha pili mama anashona.
Sare arobaini na mbili, zinadaiwa Jumatatu.

Mama haangalii sura ya nguo.
Huupitisha upindo kati ya gumba na kidole cha shahada,
macho yako dirishani, kwingine kabisa,
mpaka kidole kikwame:
"Hapa. Huyu hakufunga ncha."

Mimi hufundisha baiolojia, na leo,
kipimajoto kikisema thelathini na tisa,
namwona mama ndani ya kila seli ya koo langu.

Maana humo pia yumo mwenye kidole.
Nyuzi zangu mwenyewe, zitokazo kiinini na ujumbe,
hazitoki kichwa wazi. Huvishwa kofia kabla ya mlango.
Uzi wa mafua haukufunzwa adabu hiyo:
umeingia na ncha mbichi, fosfati tatu zikining'inia
kama shanga za utunda uliokatika,
na mkia umerudi kukumbatia kichwa.
Mlinzi hasomi kilichoandikwa.
Anapapasa. Moja, mbili, tatu.
Anafumbua ngumi, anaukamata.

Halafu anakwenda wapi? Hapa wanafunzi wangu hukosea.
Anakwenda mitokondria,
ambayo tumeikariri miaka yote kuwa kinu cha nguvu, basi.
Kumbe ukutani pake wapo wanaosubiri kuguswa,
mmoja akamshika mwenzake, mwenzake akamshika jirani,
mpaka mstari mzima umekakamaa
na habari imefika kiinini: interferoni itoke.
Haipigi mtu, interferoni. Inabisha hodi tu:
jirani, funga. Zima jiko. Usipike usiku huu.

Kwa hiyo homa hii si ya mgeni. Ni yangu.
Maumivu haya ni makomeo ya nyumba elfu yakisukumwa.

Na mgeni si mjinga.
Huko kiinini anazivizia nyuzi zangu, anazikata shingo,
anavaa kofia zake, anapita akiamkia
"mwangaluka" kama mzaliwa wa hapa.
Ana protini yake pia,
shuka la kutupia juu ya kidole kinachopapasa.
Kuna miaka shuka hilo hutosha,
na wodi za Kitete hulaza wawili wawili.

Mama ameingia na uji wa ulezi, asali juu yake.
Namweleza yote, nusu nikiweweseka.
Anasikiliza, sindano mdomoni,
kisha anauliza ambalo darasani sijaulizwa:
"Na kidole kikikosea? Kikishika uzi wako mwenyewe?"

Nasema hutokea.
Wapo ambao miili yao hufumua kilicho chao.

Ananyamaza. Sote tunaikumbuka kanga ya Nyanzala,
mwaka juzi, wiki ya harusi:
aliona ncha iliyolegea, akavuta, akavuta,
kumbe ilikuwa tarizi.

Anaweka kiganja kwenye paji langu,
anakiacha kuliko inavyohitajika kupima joto.
Gumba lake, kwa mazoea,
limeshaanza kutembea ukingoni mwa shuka.