Ukuta wa Todmorden

Mwaka wa kwanza niliikirimu obrieta kama mgeni:
samadi ya farasi ndoo mbili,
maji asubuhi, maji jioni,
mbolea ya chupa, kifuniko kizima.
Ikatambaa, ikanenepa, ikafunika mawe kwa majani.
Ua moja. Moja tu, nalo limejificha.

"Imevimbiwa hiyo," akasema Enid Sutcliffe,
dereva wa basi mstaafu, kaegemea lango lake.
"Aliyeshiba hana haraka ya kuchanua."
Akanipa kopo la chokaa
iliyobanduka kwenye choo chao cha zamani.
Mimi chokaa niliyoijua ni ya tambuu,
ncha ya kidole, basi.
Nikainyunyiza vivyo hivyo, kwa ncha ya kidole;
akacheka mpaka akakohoa.

Aprili ikaleta zambarau kidogo,
pale tu paa la kanisa lisipozuia jua.
Juni akaja na mkasi wa kunyolea kondoo.
"Kata."
Nikapunguza ncha.
"Kata, mama, nusu nzima!"
Mchelea mwana kulia...
methali nikaimalizia moyoni, nikakata
hadi ukuta ukabaki na vipara.
Usiku ule nililala kama mwizi.

Sasa ni Aprili tena.
Mawe hayaonekani.
Zambarau imeteremka mpaka kwenye lami,
mleta barua anairuka kwa hatua ndefu,
nyuki wamekosa adabu kabisa.
Siisifu kwa sauti, isije ikasikia.
Enid anachungulia, anaguna, anaingia ndani.
Mkasi nimeutia mafuta;
uko dirishani,
unahesabu siku za Juni.