Kiraka cha Valdur

Kifungu cha nne nilikiandika mwenyewe,
usiku, jikoni kwangu Tartu, chai imepoa:
"Hatumdharau mtu kwa asichokijua."
Maneno manne. Yalinila wiki mbili.

Programu yetu ni ndogo, huria, haina tajiri.
Inapiga hesabu ya unene wa barafu ya bahari
na kuwaambia watu wa barabara kule Haapsalu
leo fungueni, leo fungeni.
Tunaishona kwa zamu, watu kumi na mmoja,
kila mtu na sindano yake.

Valdur Pihelgas alikuwa fundi kutuzidi sote.
Miaka sabini na mmoja, na ulimi usio na mfupa.
Mirtel alipoleta kiraka chake cha kwanza,
binti wa miaka kumi na tisa,
mzee alimjibu mbele ya wote:
"Hata samaki chini ya barafu angeandika bora."
Nikacheka. Hilo sijawahi kulikiri popote.
Kisha nikakisoma kifungu cha nne,
nikamfungia Valdur mlango miezi mitatu.

Alirudi Februari, bila salamu,
na mistari arobaini na mmoja:
miaka yote tumekuwa tukiikosea chumvi,
tukiisoma barafu ya bahari kama ya mto.
Sentimita nne za uongo.
Sentimita nne ni gari, na mtu ndani.

Nikamwandikia: asante, lakini mkataba wa wachangiaji,
ule mpya, hujautia saini.

"Baba alitia saini mwaka wa arobaini na tisa.
Karatasi moja. Kesho yake ng'ombe wake sita
walikuwa wa shamba la wote,
na yeye akiwakama kwa kengele, kama kibarua.
Na wewe, Leelo, uliyekulia huku, umesahau?
Juu ya barafu mkanda haufungwi.
Gari likizama, aliyefungwa ndiye hatoki."

Nikamweleza: mkataba huu haukunyang'anyi kitu.
Mistari inabaki yako, unatupa ruhusa tu,
na neno lako kwamba hukuiiba kwa jirani,
asije mtu kesho akadai uzi wake
ndani ya nguo tuliyokwisha kuivaa.

Akanyamaza siku tisa.
Siku ya kumi akaandika bintiye, Helve:
moyo, kwenye ngazi, mfuko wa viazi mkononi.

Tukawa na dawa isiyo na ruhusa.
Tuliwapigia simu watu wa barabara:
toeni sentimita nne, kwa kichwa, kila asubuhi.
Usiku tukabishana.
"Iingizeni. Maiti hashtaki."
"Mrithi hushtaki."
Helve akasema hatasaini alichokikataa baba,
na mimi sikuwa na uso wa kumbembeleza.

Mirtel ndiye aliyesema: "Mimi sijaisoma."
Tangu siku ile ya samaki
alipita kando ya jina la Valdur
kama mtu apitavyo kando ya ufa.
"Nionyesheni kosa lilipo. Dawa msiniambie."
Akapanda basi hadi Haapsalu na keekee ya mkono,
akatoboa mashimo kumi na mawili, akapima,
akaonja, vidole vimekufa ganzi,
akaandika upya kutoka kwenye barafu yenyewe.
Mistari hamsini na mitatu. Ya mzee ilikuwa mizuri zaidi;
mimi nimeiona yote.
Hii inafanya kazi.

Akatia saini. Kwenye maelezo ya kiraka akaweka:
"Kosa liligunduliwa na V. Pihelgas."
Hakuongeza neno.

Machi nilivuka barafu ile kwa gari.
Ubao wa kanuni umesimama ufukoni:
acha nafasi, usisimame, usifunge mkanda.
Kila kifungu pale kina gari lililozama chini yake.
Cha kwetu cha nne pia.
Nikafungua mkanda. Kwenye kiti cha pembeni
ulilala mkataba wa Valdur,
mahali pa saini peupe,
peupe kama kila kitu mbele yangu.